Acheni Kusingizia Spea Feki: Bushi Tunaziua Wenyewe

Kuna sentensi moja nimeisikia karibu kila gereji niliyoingia hapa Kisumu, kuanzia Kibuye mpaka Kondele, na leo nataka kugombana nayo hadharani. Sentensi yenyewe ni hii: "Hiyo spea ilikuwa feki, boss."

Gari limeanza kugonga mbele tena, miezi sita tu baada ya kuwekwa bushi mpya? Spea feki. Ukikanyaga breki usukani unavuta kushoto? Spea feki. Tairi imelika upande wa ndani kama imepigwa randa? Feki, feki, feki. Mwenye gari anatikisa kichwa, anawalaani Wachina, anawalaani wenye maduka ya Nairobi, anatoa pesa nyingine na kununua bushi nyingine. Zinafungwa vilevile kama zile za kwanza. Miezi sita baadaye yuko palepale chini ya mwembe, na fundi anamwambia... haya, malizia mwenyewe.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Mtu akiniambia kwamba hitilafu ileile imerudi mara tatu, na kila mara amebadilisha kompyuta, simshauri anunue kompyuta ya nne. Namuuliza ni kitu gani hakijabadilika. Na kwa bushi za magari yetu, kitu ambacho hakijabadilika si kiwanda wala duka. Ni namna tunavyokaza bolti.

Msimamo wangu ni huu, na anayetaka kuupinga aupinge: bushi nyingi tunazozika kwa jina la feki zimeuawa siku ileile zilipofungwa, kwa sababu zilikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki.

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari, nieleze kidogo. Gurudumu la mbele la gari kama Subaru Impreza limeshikwa chini na mkono wa chuma. Ncha moja ya mkono huo imeshika gurudumu kwa boli jointi. Upande wa pili mkono umeshikwa na mwili wa gari mahali pawili, na hapo pawili ndipo zinapokaa bushi. Bushi yenyewe haina maajabu: bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa la chuma nje, mpira katikati. Gurudumu likipanda tuta, mkono unapanda nalo kama mlango kwenye bawaba, na ule mpira unapunguza kishindo kisifike kwenye kiti chako.

Watu wengi hupotea hapa. Wanadhani bushi ni bawaba ya kawaida, yaani lile bomba la ndani linazunguka ndani ya mpira. Halizunguki! Kiwandani mpira umegandishwa kwenye chuma kwa gundi na joto, na haupaswi kuteleza hata kidogo. Mkono ukipanda, mpira unajisokota. Mkono ukishuka, mpira unajisokotoa. Ni springi ndogo ya kusokotwa. Sasa, ukikaza bolti, unalibana lile bomba la ndani kwenye boriti ya gari lisisogee tena. Hivyo basi, mkao ule ambao mkono ulikuwa nao wakati wa kukaza ndio mpira utauchukua kuwa mkao wake wa kupumzika. Siku zote.

Rudia sentensi hizo mbili za mwisho kabla hujaendelea. Ugomvi wote uko hapo.

Gari likiinuliwa kwa jeki, gurudumu linaning'inia chini. Fundi anakaza bolti hapo kwa nguvu zake zote, wakati mwingine na bomba refu kwenye spana, kisha anashusha gari. Gurudumu linarudi mahali pake, na mpira ambao haujatembea hata mita moja tayari umesokotwa. Usiku gari limeegeshwa, wewe umelala, majirani wamelala, na ule mpira bado unavutwa. Hauna siku ya mapumziko hata moja.

Nilipima kwenye gari langu. Kutoka bushi mpaka boli jointi ni kama sentimita 34. Nikipiga jeki, gurudumu linashuka sentimita 8. Kwa hesabu za pembe tulizosoma sekondari, hizo ni nyuzi karibu 14. Chukua sasa tuta la kawaida linalopandisha gurudumu sentimita 4: nyuzi 7 hivi. Bushi iliyokazwa vizuri, gari likiwa chini, inasokotwa nyuzi 7 kwenye tuta hilo na kurudi sifuri. Iliyokazwa hewani inaanza na 14, inafika 21, inarudi 14. Mara tatu ya kazi, tena bila kupumzika. Toka mjini uende Bondo kupitia Kisian, Holo na Akala, uhesabu matuta na mashimo mwenyewe, kisha uniambie mpira gani duniani utavumilia hayo. Hata ungetengenezwa na malaika.

Kuna jambo lingine la kuchekesha. Gari lililokazwa hivyo hukaa limeinuka kidogo siku za kwanza, kwa sababu mpira uliosokotwa unasaidia springi. Mwenye gari anafurahi. "Limesimama vizuri, eh?" Limesimama kwa sababu mpira unaumia.

Najua mtakachosema: haya ni maneno ya mtu wa kompyuta. Sawa. Twende kwenye ushahidi.

Gari langu ni Impreza WRX ya mwaka 2001. (Ndiyo, ile ya macho ya duara. Na hapana, mimi si polisi. Kenya ukiwa na Subaru hilo ndilo swali la kwanza, na la pili ni kama una akili timamu.) Liliingia nchini likiwa linakaribia miaka 8, kwa maana sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri huo, na mimi ni mwenyewe wa tatu. Nililikuta na bahasha ya risiti, na risiti hizo zinaonyesha kwamba bushi za mikono ya mbele zilibadilishwa mara mbili katika miezi 14. Mara mbili! Na kwenye risiti ya pili kuna maandishi ya kalamu ya fundi mmoja, ambaye simtaji: "za kwanza zilikuwa feki."

Nilipozitoa zile za pili, zikiwa zimechoka tayari, sikuzitupa. Nilizibana kwenye jiliwa nikazikata kwa msumeno wa chuma. Mpira wake ulikuwa mzuri. Mweusi, laini, hauna mikwaruzo ya uzee, haumeguki ukiukanda kwa kidole. Chapa ya kiwanda iko wazi kwenye chuma. Lakini karibu na bomba la ndani kulikuwa na ufa uliozunguka kama maandishi yanavyozunguka kwenye sarafu, na mpira ulikuwa umelala upande mmoja tu. Bushi ya kulia umelala hivi, ya kushoto umelala kinyume chake, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Feki haifanyi hivyo. Mpira mbovu hupasuka ovyo, au hubanduka kwenye chuma mzimamzima na kuacha chuma kinang'aa. Huu ulikuwa umeraruliwa kwa kusokotwa upande mmoja, polepole, kwa miezi.

Nikaenda duka lilelile lililoandikwa kwenye risiti. Nikanunua bushi za chapa ileile, boksi la rangi ileile. Nikazifunga nyumbani, nikazikaza magurudumu yakiwa chini, nikapiga mstari wa rangi nyeupe kwenye chuma na mpira ili nione kama kuna kitu kinasogea. Leo ni miezi 26. Gari lilelile, barabara zilezile, duka lilelile, dereva mbaya zaidi kuliko waliotangulia. Hakuna ufa.

Gari moja si utafiti, nakubali. Lakini si mimi niliyeligundua jambo hili. Vitabu vya ukarabati vya viwanda vya magari vinalisema miaka nenda miaka rudi. Cha Subaru kinasema bolti za mikono zikazwe magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi na gari likiwa tupu. Fungua cha Toyota, fungua cha yeyote anayetumia bushi za mpira uliogandishwa, utakuta maagizo ya namna hiyo. Ni mstari mmoja. Haukufika Kondele.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloupa uongo huu nguvu. Mtaani wanasema: "Bushi za dukani hazifai. Chongesha jua kali, zile za tairi kuukuu, zinadumu." Na ukiangalia haraka, ni kweli! Mafundi wa kukereza vyuma hukata mpira wa tairi, wanautia kwenye bomba kwa kuushindilia, wanauingiza mahali pake, na unakaa kuliko ule wa dukani. Basi watu wanahitimisha kwamba tairi kuukuu ni bora kuliko bushi ya kiwanda.

Fikiria tena. Ule mpira wa tairi haukugandishwa kwenye chuma. Umeshindiliwa tu. Ukiukaza hewani kisha ukashusha gari, unateleza kidogo kwenye bomba na kujipanga upya. Hausokotwi, kwa hiyo haujali umekazwa vipi. Kitu kilichoundwa kwa uangalifu zaidi ndicho kinachokufa kwa uzembe, na kile cha kubahatisha kinapona. Kila atakayeona hivyo bila kujua sababu atasema cha dukani ni feki. Nami ningesema hivyo kama ningeishia hapo. Lakini bushi ya tairi nayo ina gharama yake: inateleza, inasaga, inalegea, na mkono unacheza mbele na nyuma kila ukishika breki. Kwenye Probox la kubeba omena pengine utavumilia. Kwenye gari la kwenda kasi, ukishuka mteremko wa Riat kuelekea mjini na mbele yako tuktuk imekata kona bila taa, ule mchezo mdogo wa mkono ndio unaoamua gurudumu linaelekea wapi wakati umekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Sitaki kuongeza chumvi. Mnaijua barabara hiyo.

Kabla hamjadhani nawatukana mafundi wetu, ngojeni. Fundi wa Kibuye anajua mambo mia ambayo mimi siyajui. Anasikia mlio wa injini akiwa amekaa ng'ambo ya barabara na kukwambia plagi ipi imekufa. Basi kwa nini anakaza hewani?

Kwanza, hana shimo. Gereji nyingi za barabarani ni mti, mawe, jeki na turubai. Ili ukaze bolti za mkono magurudumu yakiwa chini, lazima uingie chini ya gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na chini ya WRX hata paka anafikiria mara mbili. Pili, analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Na nani anamharakisha? Wewe. "Omera, nataka gari saa kumi." Kupiga jeki, kufunga, kushusha, kupokea pesa. Hatua ya kushusha gari na kurudi chini yake kukaza upya haionekani kwa mteja, wala hakuna anayeilipia. Tatu, hakuna aliyemwambia. Alijifunza kwa mkubwa wake, naye kwa mkubwa wake, na kwenye mnyororo huo mstari huu ulidondoka mahali fulani zamani. Boksi la bushi likifika halina karatasi ndani, na likiwa nayo imeandikwa Kijapani.

Kwa hiyo lawama zangu haziendi kwa fundi peke yake. Zinaenda kwa mwenye duka anayeuza boksi bila neno hata moja la maelezo, kisha bushi ikirudi anamuuzia mteja mkono mzima. Nilipouliza, mkono mzima ulikuwa zaidi ya mara nne ya bei ya bushi zake mbili. Zinaenda kwa mwenye gari anayebishana juu ya shilingi mia mbili za ufundi baada ya kununua rimu za kung'aa. Na zinaenda kwetu sisi tuliosoma, tunaojua Kiingereza, tunaoshinda kwenye intaneti usiku kucha, na hatujaandika hata ukurasa mmoja ambao kijana anayejifunza ufundi Nyalenda anaweza kuusoma.

Hilo la mwisho linaniuma kwa sababu ni kazi yangu. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanza. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tulitafsiri menyu za kuandikia barua tukasahau kazi zinazolisha watu wengi zaidi mitaani kwetu. Leo kijana anaweza kuhifadhi faili kwa Kiswahili na hana pa kusoma kwa Kiswahili kwamba bolti ya bushi hukazwa gari likiwa chini. Huko Marekani, jimbo la Massachusetts, wapiga kura walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwapa gereji za nje taarifa za ukarabati. Walijua kwamba anayeficha maelezo ndiye anayeamua nani atatengeneza. Kwetu hata hatujafika kwenye kufichwa. Mstari upo, umeandikwa, ni sisi hatujaubeba kutoka huko kuuleta hapa.

Basi niubebe. Nitaeleza jinsi nilivyofanya nyumbani, bila shimo, bila gereji, ili pasiwe na kisingizio.

Kabla hujapiga jeki, gari likiwa limesimama mahali tambarare, chukua futi ya fundi cherehani na upime kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Andika namba hiyo, kulia na kushoto. Langu lilikuwa sentimita 37 na nusu. Namba hiyo ndiyo siri yote. Bila hiyo unabahatisha.

Legeza nati za magurudumu kidogo, piga jeki, kisha weka gari juu ya stendi za chuma. STENDI. Si mawe, si matofali, si jeki peke yake. Tofali la kwetu hupasuka bila kukuaga. Kama huna stendi, azima, na kama huna wa kukuazima, usiingie chini ya gari, soma tu.

Bolti za zamani zitakuwa zimeshikana na kutu, hasa kama gari limewahi kuoshwa kwa kuingizwa ziwani kama wengi walivyozoea kufanya. Zipake mafuta ya kulegeza kutu jioni, uende ulale, asubuhi uanze. Achanisha boli jointi, fungua kiungo cha stabilaiza, toa bolti za bushi, na mkono utatoka. Kwenye Impreza ya umri huu bushi ya mbele imeshindiliwa ndani ya mkono wenyewe, na ya nyuma imekaa kwenye mabano yake na kushikwa na nati kwenye ncha ya mkono. Kabla hujaitoa, chora alama ya namna bushi ya nyuma ilivyoelekea. Mpira wake una mapengo, na mapengo hayo yamewekwa upande maalumu kwa makusudi. Ukiigeuza, gari litakuwa na tabia ya ajabu nawe utasema... ndiyo, feki.

Kutoa bushi iliyoshindiliwa: wengi huichoma kwa moto. Usifanye hivyo nyumbani. Moshi wa mpira ni sumu na jirani atakuja na maji. Mimi nilitumia bolti ndefu nene, nati, vipande viwili vya bomba na soketi kubwa. Bomba moja pana kuliko bushi linaegemea kwenye mkono upande huu, soketi nyembamba kidogo kuliko bushi inasukuma upande ule, unakaza nati na bushi inatoka taratibu ikilia kama ng'ombe. Kuingiza mpya ni hivyohivyo kinyume chake, na iende imenyooka. Usiku wa kuamkia siku hiyo bushi zilikuwa kwenye friza, kati ya ngege wawili na mfuko wa barafu. Mke wangu ana maoni yake juu ya hilo. Chuma cha kipenyo cha milimita 40 kikitoka joto la Kisumu kwenda nyuzi 18 chini ya sifuri kinanywea kama sehemu mbili za mia za milimita. Ni kidogo mno, lakini utaisikia tofauti kwenye spana. Usipake grisi wala mafuta ya injini kwenye mpira ili uteleze. Mpira wa asili ukinywa mafuta unavimba na kulainika. Maji ya sabuni yanatosha. Na kama injini yako ya Subaru inavuja mafuta juu ya mkono, jambo ambalo injini hizi hulipenda sana, ziba uvujaji huo kwanza, la sivyo unatupa pesa.

Rudisha mkono mahali pake, tia bolti zote, zikaze kwa mkono tu mpaka zishike. ISHIA HAPO. Usikaze. Najua mkono unawasha. Usikaze.

Sasa, kwa kuwa huna shimo, weka jeki chini ya mkono karibu na boli jointi na upandishe gurudumu taratibu huku ukipima na ile futi. Sentimita 37 na nusu zikifika, simama. Hapo mkono uko palepale ulipo gari likiwa barabarani, ingawa gari bado liko kwenye stendi. Kama kiungo cha stabilaiza bado kimefungwa kitakupinga, kwa hiyo kiwe kimefunguliwa, au upandishe pande zote mbili pamoja. Angalia gari lisianze kunyanyuka kutoka kwenye stendi. Likianza, shusha na upange upya. Sasa kaza. Tumia spana ya kupima mkazo, kwa namba ya kitabu cha modeli yako. Sitakupa namba kwa sababu modeli hutofautiana na sitaki ukaze bolti ya Legacy kwa namba ya Impreza. Ukimaliza bushi, funga stabilaiza, rudisha gurudumu, shusha gari, liviringishe mbele na nyuma mara kadhaa, pima tena. Halafu lipeleke likapangwe magurudumu, maana mkono ukitoka na kurudi, mpangilio hautabaki ulivyokuwa.

Mimi ilinichukua Jumamosi nzima na sehemu ya Jumapili. Fundi mzoefu ataimaliza kwa saa tatu. Hatua ya kupima na kupandisha kwa jeki, ile yote ninayoipigia kelele hapa, ni dakika kumi kila upande. Dakika kumi! Tunabadilisha bushi mara mbili kwa mwaka ili kuokoa dakika ishirini.

Wapo watakaosema: weka poliurethani, uachane na mpira. Nawajua vijana hawa, wana vibandiko vya rali kwenye vioo. Ni kweli bushi nyingi za poliurethani hazikugandishwa kwenye bomba la ndani, zinazunguka kwenye grisi yake maalumu, na hivyo hazijali zimekazwa vipi. Lakini zinapitisha mtikisiko wa kila jiwe, grisi ikiisha zinalia kama kitanda cha bweni, na hutaki kitu kigumu hivyo kwenye gari linalopeleka watoto shule kisha kwenda nyumbani Usenge mwisho wa mwezi. Kwa gari la mashindano, weka. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza na mwaka 2000 Richard Burns akafanya vivyo hivyo, na hakuna aliyewauliza kama gari lina kelele. Lakini hata timu zile hazikushinda kwa spea pekee. Kila bolti ilikuwa na namba yake imeandikwa mahali, na mtu aliyeisoma.

Na wapo watakaosema kwamba spea feki zipo. ZIPO. Sijasema hazipo. Kenya ilitunga sheria ya bidhaa bandia mwaka 2008 kwa sababu tatizo ni la kweli. Ila neno hilo limekuwa godoro. Kila mtu analilalia. Fundi hajifunzi, muuzaji hatoi maelezo, mteja haulizi, na wote watatu wanakubaliana kumlaumu mtu wa nne aliye mbali ambaye hatakuja kujitetea. Ukisema feki, thibitisha. Kata bushi.

Na hilo ndilo ombi langu. Fundi akikwambia bushi za zamani zilikuwa feki, mwombe akupe uende nazo. Ni zako, ulizilipia. Ziandike kwa chaki au rangi: kulia au kushoto, mbele au nyuma, zilifungwa lini, zilitoka lini. Zibane, zikate, utazame. Mpira ukiwa unameguka kote, au umebanduka na kuacha chuma kitupu, umepatikana na feki, nami nitafuatana nawe hadi dukani. Ukiwa mzima na ufa umezunguka bomba la ndani, kulia ukielekea huku na kushoto kule, rudi kwa fundi bila hasira, mnunulie soda, umwonyeshe ufa na futi ya cherehani. Nina jiliwa, nina msumeno, na Jumamosi mchana huwa siendi popote.